Mpenzi wa Sarafu za Ndege za Vita

Wapendwa, kulikuwa na bwana mmoja aliyekusanya sarafu. Si hizi za kununulia mkate. Alipenda zile za kumbukumbu zinazotolewa na visiwa vidogo vya mbali, zenye sura ya ndege za vita. Visiwa vyenyewe havina hata ndege moja ya jeshi. Sarafu zao zinatengenezwa ng'ambo, zinauzwa kwa watu kama yeye. Aliyoipenda kuliko zote ilikuwa na ndege ya mabomu, imechongwa vizuri hadi misumari ya mabawa inaonekana.

Mwaka mmoja akasafiri kwenda kukiona kisiwa chenye jina lililoandikwa kwenye sarafu ile. Akapanga chumba kwa mama mmoja mzee. Asubuhi, wakinywa chai, akaitoa.

"Mama, tazama. Sarafu ya nchi yenu."

Yule mama hakuwahi kuiona. Akavaa miwani, akaitazama, akaiweka mezani taratibu.

"Ndege hii naijua," akasema. "Ilipita hapa wakati wa vita. Mama yangu alikuwa uani anaanika nguo. Mimi nilikuwa mlangoni, nikaona bomu likimwangukia."

"Pole sana, mama. Mimi niliinunua kama kumbukumbu tu."

"Kumbukumbu ya nani, mwanangu?"

Miaka yote bwana yule alijua injini ya ndege ile, mwendo wake, uzito wa mabomu yake. Hakuwahi kujiuliza yalimwangukia nani. Akauliza jina la marehemu. Akaambiwa, Losa. Wakaenda wote kaburini kung'oa majani, na huko mgeni akapiga magoti akalia.

"Nisamehe, mama."

"Hukuirusha wewe," akasema yule mama. "Uliipenda tu, bila kuuliza inakwenda kwa nani."

Ndugu zangu, mnamhukumu? Na sisi je? Baba anajisifu kwamba akikohoa tu getini, nyumba nzima inanyamaza. Tunampigia makofi kiongozi mkali, tunasema huyu ndiye mwanaume. Nani kati yetu amewauliza walioko chini yake? Mungu anawasikiliza hao.

Leo ukifika nyumbani, usihesabu wanaokuheshimu. Kaa karibu na yule anayenyamaza ukiingia. Mwulize, "Nimekuumiza wapi?" Kisha funga mdomo, umsikilize.