Mwiba wa Shamba la Mama Mkwe

Kitendawili! Mgeni wangu aliingia nyumbani bila kupiga hodi. Alikaa kimya bila kula, na siku alipoanza kula, alianza na nguzo za nyumba. Ni nani huyo? Mwizi? Siyo. Mchwa? Mmekaribia, lakini siyo. Haya, mmeshindwa, nipeni mji. Mji wa Kisenge siutaki, vumbi jeusi la machimbo yake litaniharibia kitenge. Nipeni Kolwezi yote. Mgeni huyo, wajukuu zangu, ni mwiba mguuni. Wahenga walisema kwamba mdharau mwiba, mguu huota tende, maana yake jambo dogo likipuuzwa huzaa jambo kubwa lisilobebeka. Kazadi aliijua methali hiyo tangu shule ya misheni. Aliijua kama wengi wetu tunavyozijua sala, mdomoni, huku moyo ukiwaza bukari, ugali wa jioni.

Kazadi alikuwa mtoboa mwamba katika machimbo ya shaba ya Kolwezi, zamani zile Wabelgiji wakingali watawala, na wafanyakazi wakiishi kambini katika nyumba za matofali zilizopangwa kama meno. Alikuwa mtu wa miraba minne, na mashine iliyowatetemesha wenzake hadi magego yeye aliishika kama mtu anayeshika jembe. Mkewe Mbelu alipojifungua mtoto wa pili, mama yake Mbelu, Mama Tshibola, alikuja kwa treni kutoka Kasai, kwao wote, kumkanda na kumbebea mtoto, naye akabaki. Alilala katika kijumba cha jiko nyuma ya nyumba, na nje ya kambi akapata kipande cha ardhi, akapanda ulezi.

Sasa, kwa watu wa Kasai, mkwe na mama mkwe ni kama jua na mwezi: hutumia mbingu moja, lakini kila mmoja na saa yake. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawasemezani ana kwa ana. Mama Tshibola alipotaka kupita uani alikohoa kwanza, na Kazadi akageukia ukuta mpaka nyayo zake zipite. Neno lolote baina yao lilipitia kinywani mwa Mbelu. Hiyo ilikuwa heshima, na kwa heshima hiyo walipendana sana bila kuonana. Jumapili moja ya kiangazi, Mama Tshibola akiwa kanisani, Kazadi alikwenda kumfyekea shamba ili arudi akute kazi imekwisha. Viatu vya kazi aliviacha nyumbani. Vilikuwa vya machimbo, si vya ulezi.

Huko shambani alikanyaga mwiba. Alirudi akichechemea, akiona haya kuchechemea, akaketi kizingitini, na Mbelu akautafuta kwa sindano. Kilitoka kipande chenye ncha iliyokatika. Nyuma ya ukuta wa jiko, Mama Tshibola alikuwa amesikia yote. Akakohoa, akamwita binti yake.

"Umuulize tata," alisema, maana ndivyo watu wa Kasai wamwitavyo baba, "ile mwiba ilitoka yote?"

Mbelu alileta swali. Kazadi akavuta mguu wake haraka kama mtu aliyevuliwa nguo hadharani. Mama mkwe kuuliza habari za unyayo wa mkwe! Akaingia ndani, swali likabaki kizingitini. Kesho yake machimboni aliligeuza jambo hilo kichekesho, akawaambia wenzake kwamba macho ya mama mkwe wake yanatoboa ukuta kuliko mashine.

"Angalia, Kazadi," mmoja wao akamtania. "Leo ni muguu, kesho atauliza habari ya goti. Utavaa nini?"

Walicheka mpaka vumbi likawapalia, na Kazadi akacheka kuliko wote.

Kidonda kilifunga. Mvua zilikuja zikaenda, na pale unyayoni pakaota kivimbe kama haragwe. Hakikuuma. Hapo ndipo penye hila yote, kwa kuwa maumivu ni mjumbe mkali, lakini hutufikisha kwa mganga. Kivimbe hiki hakikutuma mjumbe. Kiliposhinda ukubwa wa yai, Kazadi aliacha kuvaa soksi akafunga kitambaa, ili mguu uingie kiatuni. Zahanati ya kampuni ilikuwa mwendo mfupi tu, lakini aliogopa kuandikwa mgonjwa, maana mgonjwa huondolewa kazini. Mama Tshibola, aliyesikia hatua moja ikiwa nzito kuliko nyingine, alimtuma tena Mbelu na swali lilelile.

"Umwambie ahesabu miguu yake mwenyewe," Kazadi akasema.

Mwaka wa pili mguu ulikuwa umejaa kiatu. Kisha ngozi ikafunguka vijishimo kama vya siafu, na katika usaha ukatoka ushahidi ambao Mbelu aliuona akaangusha beseni: punje ndogo, nyeusi, ngumu, kama mbegu za ulezi. Aliziosha, zikabaki punje. Kazadi, ambaye mwamba haukumtisha, alirudi nyuma asiziguse. Nani amewahi kuona mtu akizaa nafaka mguuni?

Alikuwa Mkristo aliyebatizwa, kwa hiyo alikwenda kwa mpiga ramli kwa kificho, ng'ambo ya mto, kwa mzee aliyeitwa Kisimba. Kisimba hakurusha mifupa wala hakuimba. Alizipokea punje kiganjani akazigeuza juani.

"Hii ni mbegu ya nini?"

"Inafanana na ulezi," Kazadi alijibu.

"Na ku kwenu, nani anapanda ulezi?"

Kisha akamrudishia punje zake. Mpiga ramli mwerevu huuliza tu. Jibu huletwa na mwenye shida. Njiani kurudi, Kazadi aliyaunganisha mwenyewe: shamba la nani, mwiba wa shamba gani, na nani aliyekuwa akiuliza daima habari za mguu wake, kama mkulima anayeulizia mavuno. Chuki ilimpanda kama maziwa jikoni.

Aliporudi alisimama uani na kutoa amri kwa sauti ili ivuke ukuta: mlozi aliyepanda ulezi katika nyama yake afungashe. Mbelu alimwangukia miguuni, akamkumbusha ni nani aliyebeba watoto wake mgongoni. Hakusikia. Majirani walitoka milangoni, wengine wakatema mate, na wale waliokuwa wakila uji wa ulezi wa bibi yule kila juma wakawa wa kwanza kukunja nyuso. Mama Tshibola hakujitetea. Angejitetea vipi, na mila inamkataza kumsemesha mkwe wake? Alijitwika kifurushi, akamgeukia binti yake.

"Mi naenda, mwanangu. Lakini umuulize tena, kwa ajili ya batoto. Ile mwiba ilitoka yote?"

Kazadi alikuwa ametazama ukuta, kama heshima ilivyotaka.

Kazadi aliamini kwamba bibi akiondoka, mguu utapona. Haukupona. Ulizidi kutema mbegu, hata msimamizi wake machimboni akaona kiatu kimelowa, akampeleka hospitali ya kampuni apende asipende. Muuguzi aliyempokea aliitwa Séraphin, mtu wa maneno machache. Aliusafisha mguu, akabonyeza, akaopoa punje moja. Aliiweka juu ya kioo, akaidondoshea dawa, akaifunika kwa kioo cha pili na kuiponda polepole.

"Tata, ulezi ukiiponda inatoa nini?"

"Unga," Kazadi akasema.

"Basi njoo uone kama hapa kuna unga."

Kazadi alisaidiwa kuinamia hadubini. Hakuona unga. Aliona nyuzi nyembamba zilizosokotana, kama mizizi ya kitu kinachoishi. Daktari naye aliangalia, akatikisa kichwa. Séraphin akaeleza taratibu kwamba hiyo ni kuvu, ndugu ya ile inayoota juu ya mkate wakati wa mvua. Hukaa udongoni na juu ya miiba, huingia pamoja na mwiba, kisha hujijenga ndani mwaka baada ya mwaka bila kuuma. Watu huita kila uvimbe tende, lakini tende ya mbu haitoboi unyayo vijishimo vinavyotema punje. Uvimbe, vijishimo, punje: mwenye kuona vitatu hivyo pamoja hahitaji ramli.

"Hakuna mutu alipanda hii," alimalizia. "Ungekuja wakati ilikuwa kama haragwe, tungeikata ile haragwe tu. Mwiba ilikuchoma wapi?"

Kazadi alitazama ukuta. Ukuta wa hospitali ulikuwa mweupe, na hapakuwa na mtu anayekohoa nyuma yake.

Picha ya mifupa ilionyesha kwamba kuvu imeila kama mchwa anavyokula boriti. Mguu ulikatwa chini ya goti. Kazadi angali kitandani, Mbelu alikuja na uso uliokauka, akampa habari kwa maneno machache: mama alishuka Tenke, njia panda ya reli, kungojea treni ya Kasai, akalala stesheni kwenye baridi, akashikwa na homa ya kifua. Watu wa reli walimwonea huruma, lakini walikuwa wamechelewa. Walimzika palepale. Kisha Mbelu akamlisha mumewe uji, kijiko kwa kijiko, na tangu siku hiyo hakulitaja tena jina la mama yake mbele yake.

Mtu wa mguu mmoja hashiki mashine ya kutoboa mwamba, na nyumba ya kambi ni ya mwenye kazi. Majirani walewale waliotema mate walikuja kuaga, wakamsikitikia sana, wakauliza kama kitanda kinauzwa. Kazadi, mkewe na watoto wakapanda treni ya kurudi Kasai. Na treni ya Kasai, mpende msipende, hungojewa Tenke.

Mbelu aliwaacha watoto na mizigo kwa mwanamke mmoja wa stesheni, akaenda makaburini. Kazadi alimfuata kwa magongo. Kaburi lilikuwa tuta la udongo mwekundu na msalaba wa mbao. Alipofika, mila ilimshika shingo. Akageuka akatazama kando, kama alivyozoea.

"Mbelu," alisema, "umwambie mama..."

"Mi sitamwambia kitu. Nilibeba maneno yenu miaka yote, nimechoka. Alikuuliza mara tatu, tata Kazadi. Umujibu weye mwenyewe."

Upepo ulivuma kutoka upande wa reli. Kazadi aliliegemea gongo, likazama udongoni. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu aoe, aligeuka akamtazama mama mkwe wake.

"Haikutoka yote, mama. Kipande ilibakia ndani, na mi nilijua tangu siku ile."

Mdharau mwiba, mguu huota tende.