Neno la Mzee Kinunda kwa Binti Yake

Muuliza wafu wa watu, wake humfia kimya.

Mmelisikia leo hapa kwenye vichanja, Gaudensia alipomtupia mwenzake, mkacheka, kisha mkanigeukia mimi kuniuliza lilikotoka. Haya. Endeleeni kuchambua kahawa, mikono isisimame. Methali hii ilianza hivi, na mimi sikusimuliwa na mtu; nilikuwepo.

Mzee Engelbert Kinunda alikuwa jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Mke wake alifariki binti yao Osmunda akiwa na miaka tisa. Mwaka huo mvua ilikuwa imekata njia ya kupanda kilimani kwenye makaburi ya ukoo, kwa hiyo mama wa watu akazikwa huku chini, pembeni mwa shamba lao la kahawa. Kinunda hakuoa tena. Alimlea binti peke yake, akamsomesha mpaka akafika chuo kikuu Dar es Salaam.

Huko chuoni Osmunda akachagua somo lililotushangaza wote: namna watu wa mataifa mengine wanavyokichukulia kifo. Akapata ufadhili wa kwenda Madagaska miezi saba. Alituambia kwamba kule kwenye milima yao familia huwatoa wazee wao makaburini baada ya miaka, wakawavisha sanda mpya, wakawachezea ngoma, kisha wakawarudisha. Sisi tulijikuna vichwa tu.

Asubuhi ya safari nilikwenda kumuaga. Baba yake alikuwa ameketi barazani, miguu imeanza kuvimba.

"Osmunda, kabla hujaondoka, keti," alisema. "Nataka kukuambia mahali nitakapolala siku yangu ikifika."

"Baba, usijichulie! Wewe bado mzima. Tutazungumza nikirudi."

"Unavuka bahari kuwauliza watu habari za kifo, nami nakupa hapa hapa hutaki?"

Mimi nikaingilia. Nilisema, "Mzee, mwache mtoto asafiri kwa moyo mweupe." Ndivyo nilivyosema, kwa kinywa changu hiki. Basi Kinunda akanyamaza, binti akapanda pikipiki, akaenda.

Mwezi wa nne wa safari hiyo mzee alizidiwa. Hospitali walimpa dawa, wakamrudisha nyumbani, wakatuambia tumtunze. Kwa kuwa simu yake ilikuwa ya tochi tu, alitumia yangu kuzungumza na binti kwa picha. Mara ya kwanza Osmunda alikuwa njiani kwenda kwenye sherehe ya mifupa, upepo ukavuma, hatukusikilizana. Mara ya pili ndiyo hii ninayotaka muisikie.

Alipokea akiwa amechuchumaa uani kwa watu. Nyuma yake alionekana bibi kizee juu ya mkeka, na kijana aliyekuwa mkalimani.

"Shikamoo, Baba! Niko na bibi mmoja, ananieleza alivyoagana na mumewe. Nimemngoja wiki mbili akubali kuzungumza."

"Marahaba, mwanangu. Nami nina neno."

"Nitakupigia jioni, Baba. Mazungumzo haya yakikatika hayarudi tena."

"Hata yangu," mzee alisema. Lakini picha ilikuwa imekwisha kuondoka.

Nikamwambia, "Niambie mimi, nitamfikishia. Au tumrekodie, atasikiliza akipata nafasi."

"Hapana, Mama Pius. Neno kama hili mtu humpa mwanawe, akamwona uso anavyolipokea. Kasema atapiga jioni."

Jioni hakupiga. Kesho yake hakupiga. Mzee alitaka simu iwekwe juu ya mto wake wa kulalia, karibu na sikio, na mimi nikaiweka. Siku ya tatu ikaita, saa sita mchana. Nilitoka nayo nje.

"Mama Pius, shikamoo. Mpe Baba simu, leo nina muda."

Nilikaa chini penye majani. Baba yake alikuwa amekata roho tangu alfajiri, na mtu wa kumwambia nilikuwa mimi.

Tulimweka mzee mochwari hadi binti afike. Alifika siku ya nne, akakuta watu wamegawanyika. Ndugu wa baba walitaka apelekwe kilimani kwa ukoo. Wajomba walitaka alale shambani karibu na mkewe. Maneno yalikuwa yameanza kuwa makali. Baba yake mkubwa, Wolfgang, akawanyamazisha wote akamwita Osmunda katikati ya watu.

"Neno la marehemu halipingwi," alisema. "Mtoto wake ni wewe peke yako. Utakalosema ndilo tutakalolifanya. Baba yako alikuambia alale wapi?"

Angeweza kudanganya. Wajomba walikuwa wakimtazama kwa macho ya kumwomba adanganye. Begani alikuwa na mkoba uliojaa madaftari, maneno ya baba za watu kumi, ishirini, sijui.

"Hakuniambia," alisema. Kisha akasema, "Alitaka kuniambia, Baba mkubwa. Nikamwambia angoje."

Wolfgang alikuwa amempenda sana mdogo wake. "Umevuka bahari kuwauliza wafu wa watu," alisema, "wako amekufia kimya."

Kwa kuwa hapakuwa na neno la marehemu, desturi ya ukoo ikashika, tukampeleka kilimani.

Siku ya matanga kwisha Osmunda alinifuata jikoni. "Mama Pius, wewe ulimuuguza. Alitaka kulala kwa Mama, sivyo?"

Ningeweza kumpa ndiyo moja, akalala usingizi. Sikumpa. "Sijui, mwanangu. Huenda. Huenda pia alitaka mama yako ahamishwe kilimani. Huenda neno lenyewe halikuwa la kaburi hata kidogo." Alilia kama mtu anayepigwa. Mpaka leo sijui kama nilifanya vyema, na wakati mwingine nahisi nilimjibu vile kwa sababu siku ile ya pikipiki mimi pia nilimziba mzee mdomo.

Alirudi chuoni akamaliza. Wanasema kitabu chake kinasifiwa, na maneno ya yule bibi wa Madagaska yamo yote, hakuna lililopungua. Kila mwaka huja hapa. Hupita kwanza shambani, kisha hupanda kilimani, na kote kuwili husimama tu.

Nalo neno la Wolfgang watu walilichukua. Wakalikata hapa na pale mpaka likakaa vizuri mdomoni, wakaanza kurushiana kama mnavyorushiana nyinyi. Mwaka juzi mama mmoja sokoni alimtupia binti yake, naye Osmunda amesimama pale pale akinunua vitunguu. Yule mama hakumjua. Osmunda alichukua vitunguu vyake akaondoka.

Basi lisemeni, siwakatazi, neno likishatoka ni la wote. Ila mlijue ni la nani, na msilicheke mbele yangu. Muuliza wafu wa watu, wake humfia kimya.