Matofali ya Katikati ya Tanuru

Mfyatuaji matofali mmoja, Ambakisye, nusu ya nyumba za kijiji chake zilisimama kwa matofali yake, na yeye mwenyewe aliishi chumba cha kupanga. Alikuwa amemwahidi mkewe, Tusekile, kwamba siku mikono yake ikichoka watakuwa na nyumba yao, wasifukuzwe na mtu.

Na msimdhanie mvivu. Kila tanuru lilipofunguliwa alitenga mafungu mawili: moja la kijiji, kwa ajili ya daraja la mto, kama walivyokubaliana wafyatuaji wote, jingine la nyumba yake. Lakini alianza na wateja. Hao walichukua ya katikati, yaliyoiva hata ukiyagonga yanalia. Kijiji kikapewa ya pembeni, yaliyoiva nusu. Yaliyobaki, yale ya juu kabisa ambayo moto haukuyafikia, akayapanga nyuma ya chumba akisema huo ndio uzee wake. Jamani, mtu anayejua moto namna ile, anajidanganya kwa udongo aliouchoma mwenyewe!

Mwaka mmoja masika ilinyesha wiki nzima mfululizo, kuliko miaka yote. Daraja, lililojengwa kwa yale matofali ya pembeni, likakatika, wateja wa ng'ambo wakanunua kwingine. Nyuma ya chumba, rundo la miaka saba likalainika, likaporomoka, likawa tope. Ambakisye alisimama pale akalia bila kujificha. Tusekile hakumtukana. Alichota tope kiganjani, akamwonyesha.

“Wageni umewapa yaliyoiva,” alisema. “Sisi umetuwekea udongo.”

Maneno hayo yalimwingia. Tanuru lililofuata alikwenda moja kwa moja katikati. Fungu la daraja akalitoa hapo, bila kupunja hata tofali moja. Fungu la uzee akalitoa hapo hapo. Ndipo akawaita wateja. Wapo waliomcheka, na nyama ikawa adimu nyumbani kwake, lakini hakurudi nyuma. Mvua zikaja zikapita, rundo likabaki pale pale, likazidi kupanda.

Mwaka ambao mgongo wake ulikataa kuinama, kuta za nyumba yao zilikuwa tayari kupauliwa. Lori lililoleta mabati lilivuka mto juu ya daraja jipya, likipiga honi tangu ng'ambo. Tusekile akatupa jembe, akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Siku waliyohamia, Ambakisye aligonga ukuta kwa kidole chake kilichopinda, nao ukalia. Akacheka kama kijana, kisha akamkabidhi mkewe funguo.

Ninyi mnaonisikiliza hamfyatui matofali, najua. Tanuru lenu hufunguliwa mwisho wa mwezi, au siku mazao yanaponunuliwa. Kodi ya nchi ipo, na uzee unakuja, upende usipende. Je, mafungu hayo mawili mnayatoa katikati, au bado mnasubiri kitakachobaki?