Kiboko na Sheria ya Midomo

Paukwa!

—Pakawa!

Masikio mnayo?

—Tunayo!

Midomo mnayo?

—Inategemea anayeuliza ni nani!

Haya, mimi si wa kuogopwa. Sogeeni.

Hapo kale palikuwa na bwawa moja, na wanyama wote walikunywa hapo. Kila mwaka walichagua mlinzi wa bwawa, na walimchagua kwa kelele. Anayetaka ulinzi alipanda juu ya jiwe, naye mzee Kobe akagonga gamba lake kwa kijiwe mara tatu, ko! ko! ko! Ukipigiwa kelele, umeshinda. Usipopata hata moja, unashuka na kwenda zako.

Kiboko alipigiwa kelele nyingi sana. Siku hiyo aliwapungia mkono wote, akawaita ndugu zangu wapendwa. Kesho yake akaingia bwawani, chubwi! Akala, akanywa, akavuruga. Akala, akanywa, akavuruga. Maji yakashuka, tumbo likapanda.

Siku moja Tetere akasema, "Jamani, maji yanapungua."

"Nani kasema?" Kiboko akanguruma. "Huo ni uchochezi!"

Tetere akapigwa marufuku kunywa, na sheria ikatoka: hakuna kusema bila kibali cha Kiboko. Kasuku, mnyonge wa watu, akaenda kistaarabu. "Mheshimiwa, naomba kibali cha kusema." Akakamatwa palepale, kwa kosa la kuomba kibali bila kibali.

Pimbi aliyaona yote hayo kutoka kwenye majabali yake. Pimbi mnamjua: mdogo, hana pembe, hata mkia alinyimwa. Lakini alikuwa na watoto, na watoto walikuwa wanalamba umande kwenye mawe. Siku ya kelele ilikuwa inakaribia, na alijua itakavyokuwa: wote watanyamaza kwa woga, halafu Mamba wawili, askari wa Kiboko, watapiga kelele zao mbili, na mheshimiwa atarudi majini mwaka mwingine. Kwa kiu ile, wanawe wasingeumaliza mwaka huo.

Akashuka, tipu tipu tipu, mpaka ukingoni. Akapiga magoti, akauonyesha mdomo wake kwa kidole.

"Sema," akasema Kiboko.

"Shikamoo, mheshimiwa. Sheria yako ni nzuri, ila inavuja."

"Inavuja wapi?"

"Sisi wadogo tumenyamaza. Mamba wako hawajanyamaza."

"Wanasemaje?"

"Nitaanzaje, mheshimiwa?"

"Wanasemaje?"

"Mdomo wenyewe mdogo, mheshimiwa."

"Sema, au nikukanyage!"

"Wanasema siku ukitoka bwawani, yatabaki maji ya kunawia uso tu."

Kama Mamba walisema hivyo kweli, mimi sikuwepo. Kiboko akavimba, fuuu! "Sasa nifanyeje?"

"Toa sheria isiyo na mlango, mheshimiwa. Atakayepaza sauti, awe nani awe nani, afukuzwe bwawani asirudi tena."

Sheria ikatangazwa siku hiyohiyo. Mamba wakaambiwa waisimamie, na wao wenyewe wamo ndani yake. Wakanuna, lakini wakanyamaza.

Siku ya kelele ikafika. Kiboko akapanda jiwe akitabasamu mpaka magego yakaonekana. Mzee Kobe akagonga: ko!

Kimya.

Kiboko akawatazama Mamba. Mamba wakabana midomo, meno tu ndiyo yaliyobaki nje.

Ko!

Kimya. Nzi akapita, zzzz. Pimbi alikuwa amewakumbatia wanawe na kuwaziba midomo, na moyo wake ulikwenda du! du! du! Akikohoa mmoja tu, yamekwisha. Kiboko akawakonyeza Mamba kwa jicho la kulia. Akawakonyeza kwa jicho la kushoto. Mamba wakatazama mawingu.

Kobe akainua kijiwe chake kwa pigo la mwisho. Hapo Kiboko uzalendo ukamshinda.

"Kiboko juu!" akapiga kelele mwenyewe. "Kiboko juu! Semeni basi, nyie, mna nini?"

Wote wakageuka kuwatazama Mamba, na Mamba wakatazamana. Sheria ni sheria, na hii ilikuwa ya awe nani awe nani. Mmoja akamshika mguu, mwingine mkia, buruu, buruu, buruu, mpaka ng'ambo ya kilima. Mheshimiwa alilalamika njia nzima, kosa juu ya kosa.

Ukingoni hakuna aliyesema kitu. Walikuwa wameshazoea. Kisha Tetere, koo limemkauka, akasema, "Jamani, maji yanapungua."

Akafumba macho akingoja kukamatwa. Hakuna aliyemgusa.

"Yanapungua kweli," akasema Pimbi, machozi yakimtoka. "Njoo unywe, ndugu yangu. Na nyie wanangu, njooni mnywe."

Lo! Hapo ndipo kelele zilipoanza. Kila mmoja na lake, mwaka mzima limelala moyoni. Wakampandisha Pimbi juu ya jiwe, wakampa ulinzi, na kabla jua halijazama walikuwa tayari wanamlaumu. Akakuna kichwa, akawasikiliza mmoja mmoja.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Kama ni tamu, isimulieni. Kama ni chungu, isimulieni kwa sauti kubwa zaidi.

Na funzo? Funzo ni utii, wanangu. Mkubwa akiwaambia nyamazeni, nyamazeni kabisa. Na siku atakapokuja kuwaomba kelele, msimwangushe: endeleeni kutii.