Kidude Kilichohesabu Ndoo

Hapo kale, wanangu, si kale sana, maana wanyama walikuwa wameshapata simu, palikuwa na kijiji chenye kisima kimoja na kiwanja kimoja cha mazoezi.

Mwaka huo kijito kilikauka. Kisima kilikuwa na maji, lakini yalikuwa chini mno, na ndoo ilikuwa ya chuma. Nguchiro na jirani yake Mama Digidigi walishika kamba pamoja, wakavuta. Ndoo ikapanda kidogo, ikawashinda, ikarudi. Chubwi.

"Watoto wangu wanalamba umande," alisema Mama Digidigi. "Tukikosa maji wiki hii, nahama. Na huko njiani kuna fisi. Sijui nitafika na wangapi."

Nguchiro akaenda kiwanjani. Huko Kifaru na Nyati walikuwa wakinyanyua ekseli ya lori yenye kopo la zege kila mwisho.

"Shikamooni, wajomba."

"Marahaba."

"Naomba mtuvutie maji. Ndoo chache tu."

Kifaru akajifuta jasho. "Nguchiro, unauona mkono huu? Mkono huu uko kwenye ratiba. Leo ni siku ya kifua."

"Na kesho?"

"Kesho mgongo."

"Kuvuta ndoo si ni mgongo huohuo, mjomba?"

"Sisi tunakunywa mto mkubwa," alisema Nyati. "Nendeni nanyi."

"Ni mwendo wa usiku kucha, mjomba. Kwa miguu yetu hii, ni wa siku mbili."

"Ndiyo maana tunawaambia mfanye mazoezi."

Wakacheka, hm hm hm, mpaka vumbi likaruka.

Nguchiro alikaa pembeni akawatazama. Kifaru alinyanyua chuma, akashusha, akanyanyua tena.

"Hiyo hukuifikisha juu," alisema Nyati.

"Nimeifikisha."

"Umeichezesha kifuani kama unabembeleza mtoto."

"Na wewe jana ulikuwa unainua kwa tumbo. Wote walikuona."

Walibishana mpaka jua likazama. Nguchiro akaona kwamba muda wa ubishi ulikuwa mrefu kuliko muda wa kunyanyua. Akaenda zake mjini, kwa binamu yake fundi simu.

Alirudi na kidude cha ukubwa wa kifuniko cha soda, chenye sumaku mgongoni. Akakibandika kwenye chuma, na simu akaitundika kwenye nguzo.

"Hiki ndicho mwamuzi wenu, wajomba. Chuma kikitoka chini kikafika juu, kidude kinalia, na simu inaandika. Kikiishia njiani, kinanyamaza."

Kifaru akanyanyua. Ti. Akanyanyua tena. Ti. Mara ya tatu, kimya. Mara ya nne, kimya.

"Kimeharibika," alisema Kifaru.

"Hakijaharibika, mjomba. Hukufikisha."

Nyati alicheka hadi akakaa chini. Kisha ikaja zamu yake, na kidude kikamnyamazia yeye pia.

Kuanzia siku hiyo wakubwa wale walikichukia kidude, na hawakuweza kuacha kukitumia. Kunyanyua bila kusikia ti kulikuwa hakuna raha tena. Asubuhi cha kwanza waliuliza simu jana imeandika nini, na imemwandikia nani zaidi. Lakini ubishi haukuisha. Mmoja alisema kidude kimekaa upande wa mwenzake. Mwingine alisema sumaku imelegea.

Nguchiro akakibandua, akakifunga kwenye nailoni, akaenda nyumbani kwa Nyati.

"Mjomba, kidude nakihamishia kwenye ndoo ya kisima. Pale hakuna ubishi. Ndoo ama imefika mdomoni, ama haikufika."

"Kisimani? Kazi ya kisimani mimi ya nini?"

"Hata Kifaru amesema hivyo. Amesema kamba ile wewe huiwezi, bora ubaki na makopo yako."

Nyati akaacha kutafuna. "Amesema nani?"

"Mimi sijasema kitu, mjomba. Niko njiani napita."

Akapita moja kwa moja hadi kwa Kifaru, akamwambia maneno yaleyale, ila safari hii aliyesema alikuwa Nyati.

Alfajiri wote wawili walikuwa kisimani. Hawakusalimiana. Kifaru alishika kamba kwanza. Akavuta, mkono juu ya mkono, ndoo ikatoka imejaa. Ti.

"Nimwage wapi?" aliuliza.

"Popote, mjomba. Hata kwenye hori hilo hapo."

Akamwaga. Nyati akavuta yake. Ti. Kifaru tena. Ti. Kufika saa nne hori lilikuwa linafurika. Digidigi walikunywa, kanga walikunywa, na pimbi walijaza vibuyu vyao wakapeleka kwa wagonjwa. Mama Digidigi alirudi nyumbani akafungua mikeka aliyokuwa ameshaifunga.

Ikawa hivyo siku hiyo, na ya pili, na siku nyingine nyingi. Mpaka mchana mmoja, hori likiwa tupu na watoto wakiwa wamepanga mstari, Kifaru akaleta ndoo mdomoni, akasubiri. Kimya.

"Nimeifikisha," alisema.

"Kweli umeifikisha," alisema Nyati. "Nimeona."

Kifaru akairudisha ndoo bila kuimwaga, akavuta upya. Ilipofika katikati, Nguchiro akasema, "Usijisumbue, mjomba. Kidude kimeisha betri."

"Basi tunarudi kwenye chuma," alisema Kifaru. Bado alikuwa ameshika kamba. Akamgeukia Nyati. "Na hutasema tena kwamba kamba hii siiwezi."

"Mimi? Wewe ndiye uliyesema kuwa siiwezi."

"Nilimwambia nani maneno hayo?"

Wakatazamana. Kisha, polepole, wakamtazama Nguchiro. Shimo lake lilikuwa hatua chache tu nyuma yake. Hakulikimbilia.

"Niliwadanganya, wajomba," alisema. "Nilikuja kwa adabu nikaomba, mkaniambia leo ni siku ya kifua."

Ndoo ilikuwa inaning'inia gizani, na kila mtu alijua kwamba Kifaru akifungua mkono, mambo yamekwisha.

Mama Digidigi akasogea hadi ukingoni mwa kisima. Alikuwa mfupi kuliko goti la Kifaru.

"Baba," alisema, "mimi habari za ratiba sizijui. Lakini nimesimama hapa. Ndoo ikifika nitaiona."

Kifaru akapumua puani, fuu. Mkono wake mmoja ukapanda juu ya mwingine, na ndoo ikatokeza mdomoni imejaa.

"Ti," alisema Mama Digidigi.

Watoto wake wakaitikia, "Ti." Kanga nao, "Ti." Mstari mzima ukasema ti, mpaka nyuma kabisa kwa pimbi ambao hata ndoo hawakuiona.

Kifaru akamwaga maji kwenye hori taratibu, bila kupoteza tone. "Hiyo imeandikwa?"

"Imeandikwa, baba. Tumeiona wengi."

Nyati alikuwa ameshamsukuma kwa bega. "Sogea. Zamu yangu, na niitikieni kwa sauti."

Nguchiro akachukua kibuyu chake, akajiunga na mstari.

Wanangu, nguvu haijulikani ukubwa wake mpaka imemfikia mwenye kiu.