Nafasi ya Mlangoni

Wahenga walituambia kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Maana yake ni kuwa jambo la maana halifanywi na mtu mmoja, na hata kidole kidogo kina kazi yake. Waringa aliijua methali hiyo tangu utotoni Nyeri, lakini aliitumia kuwasifia wengine tu.

Mama huyu alilitumikia jeshi la Marekani miaka minane, akatoka na nyonga mbovu baada ya kuanguka kutoka kwenye lori la jikoni. Hata hivyo, kila alipofika kwenye duka la vifaa vya ujenzi katika mji wa Annandale, huko Marekani, alizipita nafasi mbili za kuegesha gari zilizotengwa mlangoni kwa heshima ya askari wastaafu. Nafasi zenyewe hazikuwa na mlinzi wala kibali. Zililindwa na kibao na haya ya mtu.

Asubuhi moja ya Januari, barafu ikiwa imetanda kila mahali, alikwenda kununua chumvi ya kuiyeyusha. Bintiye Abigail alimsihi kwa Kiingereza aegeshe mlangoni.

"Hapo ni pa walioshika bunduki, Abi," Waringa akamjibu. "Mimi nilishika mwiko."

Wakaegesha mbali. Walipokaribia mlango, Waringa aliteleza, na angeanguka kama mzee mmoja mwenye fimbo hangemdaka mkono. Mzee huyo, Leonard, alikuwa ndiyo kwanza ameshuka kwenye gari lake katika nafasi mojawapo ya wastaafu.

"Mama pia alikuwa jeshini!" Abigail akaropoka. "Lakini anaona aibu kuegesha hapa."

Waringa alitamani ardhi ipasuke immeze. "Nilikuwa mpishi tu, mzee wangu."

"Tu?" Leonard aling'aka. "Vitani tulikaa milimani siku nne tukitafuna biskuti kavu. Wenzangu walikuwa wamekata tamaa. Siku ya tano mpishi akapanda na sufuria ya maharagwe ya moto, risasi zikilia. Majenerali wangu nimewasahau majina. Yule aliitwa Boniface, na mwanangu wa kwanza ni Boniface."

Kisha mzee akaenda kusimama katikati ya nafasi ya pili ya wastaafu, iliyokuwa tupu. "Lete gari. Siondoki hapa."

Dereva mmoja akaja akampigia honi. Leonard, na miaka yake themanini, hakutikisika. "Pana mwenyewe," akasema. "Anakuja."

Waringa alirudi pole pole, ameshikwa mkono na bintiye, akaleta gari. Mzee akasogea, akampigia saluti. Waringa akazima injini, akalia kwa furaha bila kujificha, kwa kuwa hatimaye alikubali kwamba naye alikuwa mmoja wa vile vidole. Ama kweli, kidole kimoja hakivunji chawa.