Kwa Nini Vyura Hunyamaza Mtu Akipita

Kroo, kroo, kroo, bwawa zima linanguruma usiku kama chungu cha makande kilichokolea moto, halafu mtu anapita kando, nyayo tu, hata hajakohoa, na ghafla kimya, kimya cha kumfanya mtu ausikie moyo wake. Ukisimama, wamenyamaza. Ukiendelea na njia yako ukafika mbele kidogo, mmoja anajaribu, kroo, wa pili anamwitikia, na mara bwawa lote limerudi kwenye wimbo. Wengi husema vyura ni waoga. Si woga. Ni makubaliano, na makubaliano hayo yalianza kwa mama mmoja kijana aliyekaribia kunyang'anywa mtoto wake.

Enzi hizo chura hakujua kunyamaza. Aliimba jua likizama, aliimba mpaka umande ukauke, apite mtu, apite fisi, ilikuwa kwake sawasawa. Na hapo mlimani palikuwa na bwawa la udongo ambalo wenyeji waliliita ndiva. Maji ya chemchemi yalijaa humo usiku, alfajiri kizibo kikafunguliwa, yakateremka kwa mfereji hadi kwenye mashamba ya mahindi na migomba. Ndiva ilikaa juu, nyumba zilikaa chini yake, na kati yao palisimama tuta la udongo ulioshindiliwa kwa miguu ya mababu. Watu walilala chini ya maji, kwa kusema kweli, na walilala vizuri, maana vyura waliwaambia habari zote. Wakiimba pembeni kwenye nyasi, ndiva imejaa. Sauti zikihamia katikati, maji yamepungua, mtu aamke akatazame. Hakuna aliyefundishwa jambo hilo. Walilijua kama unavyojua kikohozi cha baba yako gizani.

Watu wa mlimani walimwomba Mungu kwa kimya. Waliamini kwamba usiku, maji yakijaa, Mungu hushuka kuyatazama, na mahali anapopita Mungu binadamu hafungui kinywa. Kizibo kikishafungwa jioni, hakuna neno mpaka alfajiri. Mtu akiumwa na siafu anauma kanga. Mume akitaka maji anaonyesha kidole. Ilikuwa ibada nzuri, na waliipenda, na haikumdhuru mtu.

Nakiete aliolewa huko kutoka tambarare. Kwao walimwomba Mungu kwa kuvuma, midomo imefumbwa, sauti inatoka kifuani kama nyuki ndani ya mzinga. Mama wa tambarare alimvumia mtoto wake kila usiku kabla ya kumlaza, akimkabidhi kwa Mungu, na waliamini kwamba mtoto asiyevumiwa amelazwa kama nyumba isiyo na komeo. Basi alipojifungua mtoto wake wa kwanza, Mbonea, fikiria hali yake. Asipovuma, mtoto amelala bila komeo. Akivuma, amevunja kimya cha wakwe zake. Akawa anajifunika blanketi hadi kichwani yeye na mtoto, anavuma kidogo sana, kidogo kuliko paka anayeota moto, huku jasho linamtoka.

Mama mkwe wake, Mama Sengondo, alimsikia. Hakumwuliza kitu. Asubuhi alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Mrutu, mlinzi wa ndiva, akamwambia mkamwana wake ananguruma usiku.

Mzee Mrutu hakuwa mtu mbaya. Mvua za vuli zilikuwa zimechelewa, chemchemi ilikuwa inatoa maji kwa kusitasita, naye alikuwa hapati usingizi akijiuliza Mungu amekasirishwa na nini. Sasa akapata jibu, au alidhani amelipata. Akamwita Nakiete mbele ya wazee.

"Binti, hapa si kwenu," alimwambia, tena kwa upole. "Hapa Mungu haombwi kwa kelele. Ukisikika tena usiku, utarudi tambarare, na mtoto atabaki kwa baba yake, maana mtoto ni wa mlima."

"Si kelele, baba. Ninamwombea mtoto."

"Mwombee kwa kimya. Sisi sote tuliombewa hivyo, na tazama, tumekua."

"Wengine mmekua masikio tu," alisema bibi mmoja kizee aliyekuwa akimenya maharage pembeni, na wazee wakajifanya hawakusikia.

Sengondo, mume wake, alikuwa mbali kwenye shamba la chini, akilala huko akifukuza nguruwe, na hata angekuwepo angesema nini, wazee wameshasema. Nakiete alirudi nyumbani amembana Mbonea kifuani mpaka mtoto akalalamika. Tangu usiku huo hakuvuma. Alimlaza mtoto, akakaa macho wazi, mkono juu ya kifua chake kidogo, akihesabu pumzi badala ya kulala, akijiambia kwamba kama komeo halipo basi yeye mwenyewe atakuwa komeo.

Na Mzee Mrutu, mtu akishaanza kufagia hafagii chumba kimoja. Alisikiliza usiku, akasikia vyura. Akaona aibu. Amemnyamazisha mama mwenye mtoto mchanga, na hawa je, wanaopiga kelele ndani ya maji yenyewe ya Mungu? Akatoa amri. Vijana waliingia ndivani na vikapu, wakawazoa vyura wote, wakubwa kwa wadogo, wakawateremsha hadi kwenye dimbwi la bondeni wakawamwaga huko.

"Nendeni mkaimbe kwa wanaotaka kuimbiwa," vijana waliwaambia, wakacheka.

Usiku huo kimya kilikuwa kimya kweli. Watu walilala wakiwa wameridhika. Hakuna aliyekumbuka kwamba usingizi wao mzuri ulitokana na kuwasikia vyura.

Chini ya tuta kulikuwa na fuko. Yeye hana dini, kazi yake ni kuchimba, naye alikuwa amechimba, kijitundu kimoja kutoka upande wa ndiva hadi upande wa nyumba, na maji yakaanza kukinyemelea, kwanza kama jasho, kisha kama mkojo wa mtoto. Vyura wangekuwepo wangehamia katikati huku wakiimba, na nusu ya kijiji ingeinua kichwa. Hawakuwepo. Kijiji kikalala.

Nakiete peke yake alikuwa macho, kwa sababu ya lile komeo. Akasikia ssss. Akadhani ni nyoka. Akamwinua Mbonea begani, akashusha mguu kitandani, na mguu ukagusa maji.

Alijua mara moja. Mtu anayelala chini ya bwawa hahitaji kuelezwa. Alikimbilia kwa mama mkwe akamtikisa, na Mama Sengondo, nusu usingizini, akaona mkamwana analia, akadhani ni yale yale ya kuvuma, akaweka kidole mdomoni, akageukia ukutani. Nakiete akatoka nje. Maji yalikuwa yanapita kwenye ua kama yamealikwa, na huko juu, kwenye tuta, donge la udongo lilianguka, pwaa, na ile sauti ya ssss ikanenepa.

Hapo alisimama. Akiita, amepoteza mtoto, wazee wamesema. Asipoita, tuta litakatika, na chini yake kuna nyumba zote zile na watoto wote wale, na huyu wa kwake akiwemo. Angeweza kukimbia naye peke yake, njia ya tambarare ilikuwa wazi, na miguu ilikuwa imeshaanza kuelekea huko, hilo lisifichwe. Lakini alimkumbuka yule bibi wa maharage, mguu wake mbovu, na mtoto wa jirani aliyezaliwa wiki moja na Mbonea, na kifua chake kikafunguka chenyewe.

"Maji! Tokeni! Tuta linabomoka!"

Tangu mlima uwe mlima, mtu hakuwahi kupaza sauti hapo usiku. Milango ilifunguka kwa hasira kwanza. Mzee Mrutu alitoka na fimbo, kidole mdomoni, akaja mbio kumzuia, akakanyaga maji hadi kifundo cha mguu. Alitazama chini. Akatazama juu kwenye tuta. Kidole kikashuka mdomoni taratibu.

Walifanya kazi kama wanavyojua wao. Wanaume walikata migomba wakaizamisha kwenye tundu, watoto wakabeba udongo kwa sufuria, na wanawake wakapanda juu ya tuta kuushindilia kwa miguu. Sasa, udongo wa tuta haushindiliwi ovyo. Miguu isiposhuka pamoja, udongo unakimbilia pembeni na tundu linabaki. Na gizani, bila mtu kuhesabu, miguu haikupatana. Nakiete, mtoto mgongoni, meno yakimgongana kwa hofu, alianza kuvuma bila kujua kama anavuma. Ilikuwa ni hofu inatafuta mlango. Miguu ya jirani yake ikaifuata ile sauti, ya mwingine ikafuata ya jirani, na tuta likaanza kuitikia, du, du, du.

Mzee Mrutu alikuwa mstari huo huo, tope hadi kiunoni. Hakuvuma. Aliomba kama alivyoomba maisha yake yote, midomo imebanwa, machozi yakimshuka, na mguu wake ukishuka pamoja na ya wengine. Hakuna aliyemwambia avume. Na yeye hakumwambia mtu anyamaze. Kulipopambazuka, tundu lilikuwa limeziba, na ndiva ilikuwa imesimama.

Nakiete hakushuka na wenzake. Alikaa palepale juu ya tuta, amemfunga Mbonea kwa kanga mbili, akingoja hukumu, maana alikuwa amepiga kelele kubwa kuliko alizokatazwa. Wazee walipokaribia, alianza kusema kabla hajaulizwa, maneno yakigongana.

"Mtanirudisha, najua, ila jamani bado ananyonya, ana jino moja tu, uji wenu anautapika, mniache hata mpaka aweze kula ndizi, nitakaa kule zizini, sitavuma, nitakuwa—"

"Binti," alisema Mzee Mrutu. "Pumua."

Alipumua.

"Uliyasikiaje maji, sisi wote tumelala?"

Angeweza kusema lolote. Alisema kweli. "Nilikuwa nimenyamaza, baba. Kimya chenu ndicho kilichonisikizisha."

Wazee walitazamana, na mmoja akaanza kutabasamu, kwamba basi, kumbe wao ndio walio sahihi. Mama Sengondo, tope hadi nywele, hakumwacha amalize tabasamu lake.

"Usitabasamu mapema, shemeji. Kimya kimesikia, sawa. Lakini kama kingebaki kimya, saa hizi tungekuwa tunaokotwa bondeni na hao vyura mliowamwaga. Huyu ameomba kwa namna yenu akasikia, ameomba kwa namna ya kwao miguu yenu ikapatana. Nyinyi mmewahi kuomba kwa namna ya mtu mwingine hata mara moja?"

Mzee Mrutu alikaa chini kwenye udongo mbichi, akasema mtoto ni wa mlima na ni wa mama yake, wala hapatakuwa na neno lingine juu ya hilo. Nakiete alipasuka kwa kicheko kilichochanganyika na kilio, akakaa palepale kwenye tope, na Mbonea, aliyelala wakati wote wa gharika, akaamka kwa kicheko cha mama yake akadai kunyonya.

Siku hiyo hiyo Mzee Mrutu aliteremka bondeni mwenyewe, bila vijana. Alichuchumaa kando ya dimbwi. Vyura wakamtazama.

"Nimekuja kuwaomba mrudi," alisema.

"Tuliambiwa Mungu wa juu hapendi sauti," alijibu chura mkubwa, kidevu kimevimba.

"Mimi ndiye nisiyeipenda. Nikamsingizia Yeye."

"Sisi hatujui kuomba bila kuimba, mzee. Tukifunga midomo tunapasuka."

"Imbeni. Nami sijui kuomba watu wakiimba sikioni mwangu. Ninapopita ndivani usiku, nipeni nafasi yangu kidogo tu, nipite na Mungu wangu. Nikishapita, mwimbieni wa kwenu."

Vyura walishauriana, na wanaposhauriana hakuna siri, bonde zima lilisikia. Mwishowe mkubwa wao akauliza, "Na wewe ukitukuta tunaimba, utaturushia mawe?"

"Sitarusha."

"Basi tutazisikiliza nyayo, zako na za yeyote."

Jioni ile ile Mama Sengondo aliingia kwa Nakiete na bakuli la uji wa moto. Hakukaa mara moja. Alipanga kuni zilizokuwa zimeshapangwa.

"Siku ile nilikusikia," alisema, "nikakimbilia kusema kabla ya kuuliza. Sasa nauliza. Kwenu mnamwombaje Mungu?"

Nakiete alimweleza, kwa sauti ya chini, na alipomaliza alimvumia Mbonea mbele yake ili asikie. Mama Sengondo alisikiliza hadi mwisho. Hakusema ni vizuri wala vibaya. Alisema tu kwamba kona ile ya nyumba, karibu na jiko, itakuwa ya Nakiete kila jioni kabla kizibo hakijafungwa, na yeye atakaa mlangoni asiingie mtu. Kisha alitoka akaenda kwenye kimya chake, na usiku huo, kwa mara ya kwanza tangu akatazwe kuvuma, Nakiete alilala.

Na tangu siku hiyo vyura huimba usiku kucha, na mtu akipita hunyamaza wote kwa pamoja, wakimpa nafasi yake na Mungu wake, na akishapita huendelea. Tangu siku hiyo pia, bibi arusi akifikishwa mlimani kutoka popote, mama mkwe wake hamwonyeshi kwanza jiko wala njia ya chemchemi. Humketisha, humpa uji, humwuliza kwao humwombaje Mungu. Bibi arusi humnong'oneza. Mama mkwe haongezi neno wala hasahihishi neno, ila huushika mkono wake na kumwahidi kwamba hatamwambia mtu mwingine.